Simu Iliyosimama Juu ya Boksi

Zena, mama yangu,

Umepanda Kinole kumuaga bibi yako, nami nimefunga karakana mapema kama mtu mwenye homa. Mzee wa duka la pembeni amepita akauliza, fundi vipi, mbona leo kimya? Nimemwambia nina hesabu. Akacheka mpaka akashika mlango, maana anajua hesabu na mimi hatujawahi kukaa meza moja. Nimekalia boksi ambalo halijapakwa rangi, karatasi nimeilaza juu ya boksi jingine, na hii ni ile penseli ya seremala ninayoichomeka sikioni. Hadi magharibi utakuwa umerudi na mkungu wa ndizi na macho mekundu, kwa hiyo sina muda wa kuandika vizuri. Ukikuta herufi zimelala, usinisahihishe kama ulivyozoea. Niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikikanyaga kwa mguu mmoja.

Mambo ya sweta na sabuni nimemwachia shangazi yako. Tangu Jumatatu anakufundisha kufunga begi kana kwamba unakwenda vitani, si chuo cha uuguzi. Mbeya kuna baridi, umeshaambiwa. Usiache begi peke yake stendi, umeshaambiwa. Wanaume, nadhani hapo umeambiwa mpaka masikio yamechoka. Mimi nakuandikia habari za maboksi ya spika. Najua umeguna. Miaka mitatu sasa hujashika hata msasa, na nikiwasha besi nyumbani unahamia kwa jirani. Vumilia. Ndani ya habari hii kuna kitu chako nilichokikalia, na kesho saa kumi na mbili asubuhi basi likitoka Msamvu sitaki uende bila hicho.

Kwanza nijisifu, nisipojisifu utadhani barua kaandika mtu mwingine. Kutoka Kihonda hapa mpaka Dumila, na ukitaka ongeza mpaka Gairo, hakuna fundi anayefunga sabufa, zile spika za besi, nyingi kwenye boksi moja zikaelewana kama zangu. Spika moja hata mpika chapati anaweza kuichongea boksi. Mbili ndipo ufundi unapoanza. Nne, wengi wanakimbia. Wanachonga sanduku refu kama jeneza, wanatoboa matundu manne, wanapachika, wanawasha, halafu wanashangaa besi inakohoa. Hawajui kwamba kila spika inadai hewa yake. Ukiipa kidogo inabanwa, sauti inatoka kavu. Ukiipa nyingi mno inalegea, inavuma tu bila kupiga.

Kiasi hicho cha hewa mimi nilikijua kwa mahindi, na hili unalijua ila nalipenda mno kulisimulia. Wenye shule wana urefu mara upana mara kimo. Mimi nilichukua boksi zuri lililotoka nje ya nchi, nikang'oa spika yake, nikaziba tundu la bomba la kutolea hewa kwa gazeti, nikamimina mahindi mpaka likajaa, kisha nikayapima. Debe mbili na nusu kwa spika ya inchi kumi na mbili. Basi, nikawa profesa. Spika mbili, debe tano. Spika nne, debe kumi, halafu unaongeza kidogo, kwa sababu sumaku na bomba navyo vinakaa mle ndani na vinakula nafasi. Hilo la bomba lilinichukua mwaka mzima, na boksi tatu nilizoziuza usiku usiku kabla mteja hajasikiliza vizuri.

Siku ya kwanza mama yako alinikuta namimina mahindi kwenye boksi la spika. Alisimama na ungo wake akauliza kama sasa nafuga panya. Jioni ile ugali ulikuwa na ladha ya mbao. Akaniambia, mbele ya mteja, kwamba debe tupu haliachi kuvuma, ndiyo sababu nayapenda madebe. Mteja akacheka mpaka akasahau kuomba apunguziwe. Nilimpenda mama yako kwa mengi, lakini kwa hilo nilimpenda zaidi. Hakuna mtu mwingine aliyejua kunipunguza sauti bila kunizima.

Wewe ulipoingia kidato cha kwanza ukaja na rula. Ukapima boksi kwa ndani, ukaandika kwenye kiganja, ukasema ni lita hamsini. Nikakwambia lita ni za mafuta ya taa. Hukubishana. Ulichukua chupa ya lita moja ukajaza debe kwa maji, chupa ishirini, ukanionyesha. Debe mbili na nusu, lita hamsini. Nilinuna mpaka kesho yake, na mama yako akanikaangia mayai kunipoza.

Lakini nataka turudi nyuma ya hapo, ulipokuwa na miaka tisa. Nilikuwa na boksi la spika mbili, la ukumbi mmoja wa harusi. Kila kitu sawa: debe tano, gundi kila kona, skrubu sijazibania. Nikawasha, besi haipo. Spika zote mbili zinacheza, ukizitazama zinahangaika kweli, lakini kifuani hupati kitu. Nikaongeza sauti, hakuna. Nikamlaumu muuza mbao. Nikabomoa boksi lote nikalijenga upya kwa ubao mnene zaidi, siku tatu, hakuna. Nikampigia muuza spika nikamtukana, Mungu anisamehe. Wewe ulikuwa unatoka madrasa, juzuu kwapani. Ukaja ukaweka kiganja kimoja kwenye spika hii na kingine kwenye ile, ukafumba macho.

"Baba," ukasema, "hii inatoka, hii inaingia."

Nilichukua betri ya tochi nikaigusisha kwenye nyaya, spika moja kisha nyingine. Ya kwanza iliruka nje. Ya pili ikazama ndani. Nyekundu na nyeusi nilizigeuza kwenye moja, basi hii inasukuma hewa, ile inaivuta hiyohiyo, zinafutana. Kazi ya dakika mbili. Mwenye ukumbi alipokuja nikamwambia nimeligundua mwenyewe, kwa uzoefu wa miaka mingi. Ulikuwa umesimama palepale. Hukusema neno, ulinitazama tu, ukaenda kunywa uji wako. Hilo liweke pembeni, nitalirudia.

Wakati ule karakana ilikuwa uani kwetu Bigwa. Unalikumbuka lile vumbi la mbao za MDF, laini kama poda, likikaa kwenye sufuria, kwenye vitabu vyako, kwenye nyusi zangu mpaka ukawa unaniita babu. Kifua cha mama yako hakikulipenda. Pumu yake alizaliwa nayo, lakini vumbi lile lilikuwa linamwamsha. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu kwamba angefurahi kama ningetafuta mahali pengine pa kukatia mbao, nami nikatafuta, nikapata hapa Kihonda, mji mzima katikati yangu na nyumbani. Nilijisifia hilo nalo. Nilikuwa nawaambia watu, mimi nimehamisha karakana kwa ajili ya mke, nani kati yenu amewahi kuhamisha hata kiti?

Sasa nafika siku yenyewe. Nimesimama kidogo nikachonga penseli, haikuwa butu.

Kuna mteja wa Gairo aliyetaka boksi la spika nne, la kuzungukia minadani na kwenye harusi. Nilimwambia nitalikata vyumba vinne, kila spika na chumba chake, ukuta katikati. Akasema kuta zinaongeza uzito, lori lake bovu, acha chumba kimoja kikubwa zikae zote. Nilijua anakosea. Lakini alinisifu, akasema huko Gairo wote wanalitaja jina langu, na ukinisifu mimi nakuwa kama mtoto aliyepewa barafu. Nikakubali. Ili nipime debe kumi nikabeba magunia yetu mawili ya mahindi kutoka nyumbani, nikayamimina kwenye boksi lililokatwa siku hiyohiyo, nikapima, nikayarudisha magunia nyumbani Ijumaa jioni. Sikuyapepeta. Nilikuwa na haraka.

Jumamosi asubuhi mama yako alifungua gunia, akatia mkono, ukatoka mweupe mpaka kwenye kiwiko. Wewe ulikuwa unafua. Hakufoka, ila alilisema taratibu kama mtu anayesoma kibao cha dukani:

"Baba Zena, vumbi ulilitoa mlangoni. Sasa umelirudisha ndani ya gunia."

Mimi nikajibu ujinga. Nilisema mahindi yakipepetwa yanarudi kuwa mahindi, nikawasha pikipiki nikaondoka. Kwa hiyo ndiyo, kifua kilipombana alasiri ile alikuwa anapepeta mahindi yangu. Unalijua hili. Uliona ungo, uliona mkono wake, una akili kuliko mimi, na miaka mitatu hujanitamkia. Nashukuru, lakini siyo hili nililokuwa nimelificha.

Mteja wa Gairo alifika saa tisa na lori lake, na nyuma yake watu kama ishirini, maana boksi la spika nne likijaribiwa hapa Kihonda ni kama mechi. Sisi mafundi tuna mchezo wetu. Boksi lililofungwa vizuri halitikisiki, sauti yote inatoka mbele, ubao unatulia. Boksi bovu linatetemeka lenyewe. Kwa hiyo fundi anayejiamini anasimamisha kitu juu ya boksi likiwa linapiga: chupa ya soda, sarafu kwa ukingo. Kikianguka umeaibika. Mimi chupa niliiona ya kitoto. Nilitoa kitochi changu mfukoni, ile simu ndogo ya vitufe, nikakisimamisha wima juu ya boksi, uso wake umewaelekea watu. Nikawasha.

Zena, boksi lile lilipiga, sitakudanganya. Bati la karakana lilikuwa linaimba. Mtoto wa muuza mihogo alikaa chini akashika tumbo. Na kitochi kimesimama, hakijasogea hata upana wa kucha. Watu wakaanza kushangilia. Ndipo kikawaka.

Mwanga wake ule wa bluu. Sauti ya mlio husikii, lakini maandishi yanaonekana: Mama Zena. Kinawaka kinazima, kinawaka kinazima, mbele ya watu wote. Niliona. Nataka ulisome hili mara mbili. Nilikiona kitochi kikiwaka na jina nilisoma. Nikadhani anapigia mahindi. Nikadhani anataka kunimalizia maneno ya asubuhi, nami nina watu ishirini na sifa zinanimwagikia. Nikaelekeza kidole kwenye ile simu, nikawapigia kelele juu ya muziki:

"Mnaona? Mwenye nyumba mwenyewe anapiga, na haitikisiki!"

Wakacheka. Nikacheka. Ikapigwa ya pili, nikaonyesha tena. Ya tatu watu wakawa wanaisubiri kama sehemu ya onyesho, mmoja akasema huyo mama anakupenda kweli. Simu haikuanguka. Ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya kwa mikono yangu, na sijawahi kuichukia kazi kama ile.

Baadaye alikuja kijana wa bodaboda aliyetumwa na jirani yetu. Alinivuta shati, maana hakusikika. Mengine unayajua kuliko mimi. Nilikukuta kwenye benchi la hospitali, kanga ya mama yako umeikunja mapajani, kona kwa kona, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Hukulia. Ulisema, "Baba, nilichelewa kupiga. Nilianza kutafuta ile dawa yake ya kuvuta." Na mimi nikakukumbatia. Nilipaswa kufungua mdomo, nikafungua mikono. Nilijiambia hapa si mahali pake, nitamwambia nyumbani. Nyumbani kulikuwa na watu. Kaburini Kinole kulikuwa na mvua. Kila siku ilikuwa na sababu yake.

Halafu ikaja arobaini, na mjomba wako Kibwana akateremka. Wewe ni Mluguru, utaratibu unaujua: mtoto ni wa ukoo wa mama, sisi akina baba tunalea kwa heshima ya watu. Mama hayupo, mjomba ndiye mwenye kauli. Nilimwona tangu kwenye kona ya migomba, kofia safi, fimbo hakuihitaji ila aliishika, nikajua amekuja kukuchukua. Nilimpa shikamoo ingawa hatupishani miaka mitano. Alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa, akauliza habari za mvua. Kisha akauliza siku ile ilikuwaje. Aliniuliza mimi. Aliyejibu ulikuwa wewe.

Ulimwambia kwamba mama alibanwa wakati adhana ya alasiri inaadhiniwa msikiti wa chini. Kwamba ulitafuta dawa, kisha ukatafuta simu, ukachelewa. Kwamba mama alikuambia mpigie baba yako atakuja na pikipiki, mkakaa mkinisubiri mlangoni, na boda hazipandi kule mvua ikinyesha. "Nilichelewa, mjomba," ukasema, macho kwenye mkeka. Miaka kumi na mitano, na ulibeba kama mtu mzima.

Mjomba akanigeukia.

"Na simu yako, shemeji, ilikuwa wapi?"

"Haikuwa na chaji," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akanywa kahawa iliyobaki. Akasema basi, ni mipango ya Mungu, mtoto akae amalize shule hapahapa mjini. Uliingia ndani kuosha vikombe, na mimi moyo wangu, nisamehe, ulicheza ngoma. Nimebaki na Zena. Hicho ndicho nilichowaza. Kwamba ningesema kweli, ungekuwa umepanda mlimani jioni ileile, na mimi ningerudi kwenye nyumba yenye ungo na magunia. Nilikununua kwa uongo, na aliyeulipia ni wewe. Mjomba aliondoka akiamini ulichelewa. Bibi yako anaamini hivyo, ndiyo maana leo atakushika kichwa akwambie usijilaumu, ulikuwa mtoto. Kila anayekwambia usijilaumu anakukumbusha kwamba kuna la kujilaumia. Na halikuwapo.

Nikwambie habari ya lile boksi. Mwaka uliofuata mteja wa Gairo alilirudisha, akasema besi imepungua na hajui kwa nini, spika zote nne zinacheza. Nilizitazama, kweli zote zinacheza. Nikazipima moja moja. Ya pili kutoka kushoto ilikuwa imeungua zamani, koili, ule waya wake wa ndani, nyeusi kama mkaa. Imekufa, lakini kwa kuwa chumba ni kimoja na hakuna ukuta, zile tatu zilikuwa zinaisukuma kwa hewa yao, inakwenda mbele na nyuma vizuri kabisa, ukiitazama huwezi kujua. Na zenyewe zilikuwa zinaumia kwa kuivuta. Nilikaa chini na ile spika mapajani muda mrefu. Mteja akauliza kama naumwa.

Ndivyo tulivyoishi, mama. Nilikuwa nacheka na wateja, najisifu, natania, watu wakisema fundi amepoa haraka. Kilichokuwa kinanisukuma ni wewe. Wewe uliamka kupika uji kabla ya shule, wewe ulinifulia nguo za kazi ukizikung'utia nje ya uzio, mbali, huku umeziba pua. Nilikuwa nakuona ukilala na simu mkononi. Nikichelewa nusu saa unapiga, nikipokea unasema "basi tu", unakata. Uliacha rula, uliacha maboksi, wewe uliyesikia kwa viganja kitu ambacho mimi sikukisikia kwa siku tatu. Na matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwalimu wako wa fizikia alikuja mpaka hapa kuniambia nikushauri usome umeme. Ukasema hapana, uuguzi. Nikakuuliza kwa nini. Ukajibu, "Nataka nisichelewe tena."

Nilisema vizuri, nikageuka nikawasha msumeno.

Sikwambii usiende. Huenda uuguzi ni wako kabisa, na wagonjwa wa Mbeya wana bahati. Ukienda kwa kupenda, nenda, nami nitajisifia hapa Kihonda mpaka mzee wa duka ahame. Lakini sitaki uende kulipa deni ambalo si lako, halafu miaka ishirini mbele uwe umesimama na koti jeupe unamtazama kila mgonjwa aliyebanwa kifua na kumwona mama yako. Ukifika ukaona moyo hauko hapo, rudi, au geukia umeme. Ni wewe tu utakayejua. Mimi kujua kwangu unakuona kulivyo.

Lile la pembeni nilisema nitalirudia. Ulipokuwa na miaka tisa nilichukua sifa yako nikaivaa. Ulipokuwa na kumi na mitano nikavua lawama yangu nikakuvisha. Mara zote mbili ulikuwa palepale ukinyamaza, hata hii ya pili, wewe uliyeisikia simu yangu ikiita. Nimefikiri sana ningeandika nini kama wosia wa baba msomi, sina zaidi ya hilo. Usinyamaze hivyo mbele ya mtu mwingine yeyote, hata kama unampenda. Mwambie: hii inatoka, hii inaingia.

Kama ningepokea simu ya kwanza ningemwahi? Kutoka hapa mpaka Bigwa kwa pikipiki ni dakika ishirini, mvua ikiwapo ishirini na tano. Daktari hakuniambia, nami sikumuuliza. Miaka mitatu napita mbele ya hospitali ile na sijaingia kuuliza, naogopa atajibu.

Sasa kitu chenyewe. Ndani ya begi lako, kwenye soksi ya kijivu ambayo shangazi anadhani haina mwenzake, nimeweka kile kitochi. Nilikizima usiku ule nikanunua kingine, nikasema kwa watu kimeharibika. Hakijaharibika. Jana nimekichaji. Kiwashe, nenda penye simu zisizopokelewa. Ziko sita, zote Mama Zena. Ya mwisho imeandikwa saa kumi na dakika arobaini na moja. Ya kwanza, shuka mpaka chini uione mwenyewe, saa kumi na dakika saba.

Adhana ya alasiri msikiti wa chini ni saa kumi kamili, muadhini wetu yule huwezi kumtia dosari hata ya dakika. Dakika saba, Zena. Katika dakika saba ulimkalisha mama yako, ulimlegeza kanga, ulitafuta dawa chumba kizima, ulitafuta simu ukaipata ukapiga. Mimi kwa dakika saba sijamaliza kuvaa viatu. Hukuchelewa. Hakuna mtu katika habari hii yote aliyewahi kama wewe.

Ijumaa baada ya swala nitapanda Kinole. Nitamkuta mjomba wako, nitakaa kwenye mkeka upande wa mgeni, nimwambie kwa mdomo wangu simu ilikuwa wapi. Ningeweza kwenda leo pamoja nawe, pikipiki ina mafuta. Niliogopa kuona uso wako wakati nasema, ndiyo maana nimebaki na penseli. Akinifukuza, nitateremka. Akinikataza kulipalilia kaburi la mama yako, hilo litaniuma, lakini ana haki, na wewe utanipalilia ukija likizo. Bibi yako naye atasikia. Watakupigia, najua, watalia. Wapokee.

Jua limeshafika kwenye mlima, upande wa Bigwa kumekuwa kijani cheusi. Nasikia kama pikipiki ya kukuleta inapanda lami, au ni masikio yangu, siku hizi nasikia milio hata mahali pasipo na simu. Barua hii naiingiza kwenye soksi ileile, maana begi lako nimelileta hapa karakana liwe karibu na stendi. Kesho pale stendi nitakutania, nitasema umebeba begi kama mganga, nitamwambia kondakta huyu ni mtoto wa fundi mkubwa amkalishe dirishani. Utacheka kidogo ili kunisaidia, kama kawaida yako. Nawe utakuwa hujasoma. Niachie asubuhi hiyo moja.

Ukishapita Mikumi, fungua soksi.

Baba yako,
niliyeiona simu ikiwaka.